Pita, Si Kwangu

Katika miaka yote niliyomjua, Katekista hakuniambia hata mara moja "karibu". Ulikuwa unafika kwenye kizingiti cha ile nyumba ya watawa, unapiga hodi kama mama yako alivyokufundisha, na yeye, amekaa kando kwenye kiti chake cha kukunja, tumbaku ya kunusa mkononi, anakujibu bila kukutazama: "Pita, si kwangu." Aliwajibu hivyo wazee, aliwajibu hivyo watoto, na siku moja alimjibu hivyo mkubwa mmoja wa serikali aliyekuja kuikagua nyumba. Mkubwa yule alinuna, akadhani amedharauliwa. Hakudharauliwa hata kidogo. Aliambiwa jambo la kweli kuliko yote aliyoambiwa siku hiyo.

Nina hasira ninapoandika haya na sitajifanya nimetulia. Hapa Kasongo tuna sauti fulani laini ya kuwazungumzia wazee walioondoka, sauti ya kupoza chai. Mimi sauti hiyo sina, na yeye mwenyewe hakuwa nayo. Alikuwa mzee mkali, mchoyo, mbishi, mwenye kusema uongo kuhusu mambo madogo na kweli kuhusu mambo makubwa.

Kwanza nyumba, maana bila nyumba mzee huyu haeleweki. Zamani watawa walikuwa na monasteri yao vilimani, upande wa njia ya Kabambare. Huko walisali na kulima, lakini mjini walihitaji mahali pa kuweka chumvi na unga, pa kumlaza mwenzao aliyeugua, pa kupumzika wanaposafiri. Wakataka kiwanja katika mtaa wetu, mtaa wa Waislamu, karibu na soko. Kiwanja kilikuwa cha mwanamke mjane wa ukoo wetu, ambaye sisi tunamwita Bibi wa Uani. Bibi alikubali kuwapa, kwa masharti mawili. La kwanza, azikwe uani kwake, kando ya kisima chake. La pili, wanawake wa ukoo wake wawe wanakwenda kwake bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote, leo na kesho na siku zote. Karatasi ya maneno hayo hakuna, na sijui kama iliwahi kuwapo. Kilichopo ni nyumba yenyewe.

Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, kuta zake nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani. Mbele ina veranda yenye matao, na chini ya matao hayo watawa waliiacha baraza ya zamani ya nyumba ya Bibi, hawakuibomoa. Kushoto kuna vyumba vyao vidogo, kila kimoja na dirisha moja juu sana, ili mtawa aone mbingu na asione soko. Kulia kuna stoo na kanisa dogo. Katikati, kutoka barabarani mpaka uani, inapita njia nyembamba iliyoezekwa, haina mlango mbele wala nyuma, ina kizingiti cha jiwe tu. Hiyo ndiyo Njia ya Bibi. Na kwa kuwa kaburi haliko katikati ya uwanja, njia inakwenda mshazari, na ukuta wa kanisa ukalazimika kwenda mshazari pamoja nayo. Kwa hiyo kanisa ni pana mlangoni na jembamba mbele, na altare imebanwa pembeni, padri akigeuka vibaya kiwiko kinagonga ukuta. Wageni walikuwa wanacheka. Walisema aliyejenga alikuwa amelewa.

Katekista aliuchukia mzaha huo kuliko matusi. "Hakulewa," alikuwa anasema. "Mapadri walikata kanisa yao sababu ya mwanamuke mwislamu. Wewe unaweza kukata hata kitanda yako juu ya mutu?"

Huyo ndiye tuliyemwona kila siku. Kazi yake ilikuwa kufundisha katekisimu kwa watoto wa Kikristo waliotoka mashambani, na kuitunza nyumba watawa wanapokuwa hawapo. Alifundishia barazani, fimbo mkononi, akipiga nguzo na si watoto, ingawa watoto waliogopa vilevile. Sisi watoto wa Kiislamu tukipita alituchokoza. "Ninyi watu wa kuswali, magoti inafanya kazi mingi, moyo iko inalala." Baba yangu alimjibu siku moja kwamba afadhali moyo ulale kuliko ulimi usiolala, na Katekista alicheka mpaka tumbaku ikamwagika. Hata hivyo mwezi wa Ramadhani hakunusa tumbaku mbele ya mtu aliyefunga. Ukimuuliza, anasema ile ya mwezi huo haina ladha.

Mambo yake ya historia usiyaamini. Alitufundisha kwamba matofali ya nyumba yalitoka Ulaya, yakasafiri kwa meli, kisha kwa mtumbwi, kisha mabegani mwa watu. Nje ya mji yapo mashimo ambamo udongo ulichimbwa na tanuru likawashwa, leo yamejaa maji na bata wanaogelea humo, na kila mtu anajua. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alimpeleka mpaka pale kumwonyesha. Katekista aliyatazama mashimo, akawatazama bata, akasema, "Hapa watu walitafuta dhahabu wakakosa," akageuka akarudi zake. Ulaya ikabaki Ulaya.

Uchoyo wake ulihusu mndimu. Uani, karibu na kisima, kulikuwa na mndimu uliozaa bila kupumzika, na ole wako mtoto uuguse. Ndimu zilianguka zikaoza naye anatazama. Lakini mama yangu alipopata homa ile kali iliyotaka kumchukua, tulikuta ndimu mlangoni kwetu asubuhi, zimefungwa katika jani la mgomba. Nilikwenda kushukuru. Akaniangalia kwa ukali. "Ndimu gani? Nani amekata ndimu yangu?" Hakukubali kamwe.

Siku ya Alhamisi alasiri ndiyo ilikuwa siku yetu. Mama, shangazi na wanawake wengine wa ukoo walikuwa wanakwenda kwa Bibi na maji na ubani, wanasoma dua, wanakaa kidogo, wanarudi kabla ya magharibi. Mimi nilibeba dumu. Tulipofika, njia na ua vilikuwa vimeshafagiliwa, kila mara, mistari ya fagio inaonekana bado. Siku moja mama aliona haya, akataka kulichukua fagio mkononi mwake. Akakataa. "Ninyi mulete maji na dua. Vumbi ni ya nyumba." Na jambo ambalo nililitambua baadaye sana: yeye mwenyewe hakuitumia ile njia. Akitaka kwenda uani alizunguka kupitia jikoni, hata mvua ikinyesha. Bila fagio mkononi hakukanyaga njia ya Bibi.

Kila Jumapili alihubiri dhidi ya uchawi na kuogopa wafu. Alihubiri kwa sauti ya kusikika sokoni. Basi wakati wa vita watu wenye silaha walipoingia mjini na kuikalia nyumba, watawa wakakimbia, yeye akabaki. Walichoma milango na rafu kupikia, waling'oa mabati ya stoo, walilala kanisani. Katekista akawaambia, kwa sauti ileile ya Jumapili, kwamba mwanamke aliye uani alikufa amekunja ngumi, na mwanaume yeyote atakayekojoa uani kwake hatakojoa tena vizuri maisha yake yote. Hakuna hata mmoja aliyetia mguu. Waliharibu kila kitu isipokuwa ua. Baadaye padri mmoja aliletwa na habari hizo, akamkemea kwa kueneza ushirikina. Katekista alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Padri, wewe ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo linapoanza jambo linalonichoma, na nitalieleza polepole maana nikienda haraka nitatukana.

Wakati wa vita wanawake wetu waliacha kwenda kwa Bibi. Nani angekwenda, nyumba imejaa bunduki? Mimi sikuwapo, niliolewa nikahamia Salamabila, nikawa nauza vitenge kwa wake za wachimbaji. Vita ikapungua, wale watu wakaondoka, monasteri ya vilimani ikawa magofu, watawa hawakurudi. Nyumba ikabaki mali ya ofisi yao iliyo mbali, ofisi ambayo sidhani kuna mtu ndani yake aliyewahi kuiona Kasongo. Katekista akabaki katika chumba cha mbele. Wanawake wakasema sasa turudi kwa Bibi. Ndipo baba mkubwa, mkubwa wa ukoo wetu, akasema ngojeni.

Baba mkubwa ni mtu wa adabu, na sisemi hivyo kwa kumsifu. Alisema nyumba ya watu imepata msiba, huwezi kuingia katika nyumba yenye msiba hujaitwa. Tungoje watuite. Wanaume wengine wakaitikia kwa vichwa. Kwao lilikuwa jambo jepesi, kwa sababu kwenda kwa Bibi ilikuwa kazi ya wanawake, na kazi ya wanawake ikisimama hakuna mwanaume anayekosa chakula. Shangazi alinyamaza. Mama yangu alikuwa ameshafariki, la sivyo asingenyamaza.

Upande wa pili, hatua chache tu kutoka kwetu, Katekista alikuwa anafagia njia kila Alhamisi, anaweka kiti chake kando ya kizingiti, anangoja hodi. Hakutuma neno. Sisi tulingoja kuitwa, yeye alingoja tuje. Miaka ikapita namna hiyo. Walikutana sokoni, walikutana misibani, baba mkubwa na Katekista, wakaulizana habari za watoto na mvua, na hakuna aliyelitaja. Adabu mbili zimekaa zinatazamana, na katikati njia iliyofagiliwa haipitwi na mtu.

Nilirudi Kasongo baada ya mume wangu kufariki. Alhamisi ya kwanza nikamuuliza shangazi mbona hatutoki. "Wakubwa walisema tungoje," akasema, macho chini. Nikachukua dumu nikaenda peke yangu. Katekista alikuwa pale, amezeeka, mabega yameshuka, fagio limeegemezwa ukutani. Nikapiga hodi.

"Pita, si kwangu," akasema. Na nilipokuwa nimeshavuka kizingiti, akaniuliza kwa nyuma: "Mulikuwa mumekufa wote?"

Ua ulikuwa umefagiliwa. Nilisoma dua, nikalia kidogo, nikatoka nikamkabili. Nilimwuliza kwa nini hakutuma mtu atuite, kama alikuwa anatungoja.

"Mimi niwaite?" Alishangaa kweli, si kwa kujifanya. "Ile njia ni yenu. Mutu anaitwa ku kwake? Nikisema karibu, ni kusema kwangu. Si kwangu, na si kwa mapadri."

Nilirudi kwa baba mkubwa nikamweleza. Akanisifu kwa moyo mzuri, akasema tutalitazama. Hawakulitazama. Nikaendelea kwenda mimi, na shangazi mara mojamoja, kwa kujificha kana kwamba tunakwenda kuiba. Lakini mimi ni mfanyabiashara, nasafiri na mizigo mpaka Lusangi, mpaka Kabambare, barabara mbovu, pikipiki ikiharibika unalala njiani, na kuna majuma mengi ambayo sikuwapo.

Katika majuma hayo nyumba iliuzwa. Ile ofisi ya mbali iliiuza kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyetaka bohari mjini. Sisemi alikuwa mtu mwovu. Alifanya hata jambo ambalo wengi hawafanyi, alimtuma mjumbe kwa baba mkubwa kuuliza kama ukoo bado unaitumia ile njia. Mjumbe alikaribishwa, akapewa kiti kizuri, akapewa chai. Na baba mkubwa, kwa ile adabu yake, akajibu: "Sisi hatupendi kusumbua mutu." Alimaanisha kwamba mnunuzi naye, kwa adabu, atasema hapana, pita tu, hamnisumbui. Kila mtu wa mtaa wetu angeelewa hivyo. Lakini yule hakuwa mtu wa mtaa wetu. Alishukuru kwa chai, akaenda akamwambia tajiri wake kwamba ukoo hauna shida. Waashi wakaja kuiziba njia.

Yaliyotokea siku hiyo nimesimuliwa na muuza mikate wa pale mbele. Katekista aliweka kiti chake mdomoni mwa njia, akakaa, mara ya kwanza kuikanyaga bila fagio. Mnunuzi alikuja mwenyewe kumbembeleza. Katekista akamwambia, "Nyumba umenunua, iko yako. Hii njia hawakuuzia wewe, maana si yao." Waashi wakacheka, si kwa ubaya, wakamwinua pamoja na kiti chake kama wanavyomwinua bwana harusi, wakamweka barazani. Akakaa pale anatazama tofali likipanda juu ya tofali. Kelele zake zilisikika mpaka msikitini. Na baba mkubwa alikuwa msikitini. Na baba zangu wengine walikuwa msikitini. Walimaliza kuswali, wakavaa viatu, wakapita upande wa pili wa barabara.

Binti yake alikuja kumchukua. Walimpakia kwenye pikipiki, kiti cha kukunja kimefungwa nyuma kwa mpira, wakaondoka naye kwenda Kabambare.

Niliporudi na kuukuta ule ukuta nilikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa, bila hata kuosha vumbi. Alikuwa anakula. Akaniambia nikae nile kwanza.

"Sili," nikasema. "Bibi amezibiwa njia, nanyi mulikuwa hapa."

"Mwanangu, ulitaka tupigane na watu?"

"Nilitaka museme hapana. Neno moja."

"Watajua wenyewe kwamba si vizuri," akasema, akamega ugali. "Siku moja watafungua. Watatuita."

Nilitoka nikamwacha na ugali wake. Nilihisi aibu juu ya ukoo mzima, na aibu ile ikageuka hasira, na hasira ile haikuwa na pa kwenda. Niliisema sokoni, niliisema kwa shangazi, niliisema kwa mume wangu kaburini. Kila mtu aliniambia pole. Mwishowe nikaipakia kwenye pikipiki pamoja na vitenge, nikaenda nayo Kabambare.

Nilimkuta chini ya ukingo wa paa la binti yake, kwenye kiti kilekile. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilikuwa nimemletea sukari na sabuni. Nikapiga hodi.

"Pita," akasema. "Si kwangu, ni kwa binti." Kisha akageuza sikio. "Uko mutoto wa uani, wewe."

Nikapiga magoti nikamwamkia. Nikaanza kumpa pole. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, kuhusu kazi yake, kuhusu waashi waliomwinua, kuhusu baba zangu, na nilipofika kwa baba zangu sauti ikanipanda nikaanza kuwataja mmoja mmoja. Aliniacha niseme. Alinusa tumbaku yake, akapiga chafya, akafuta pua.

"Ule ukuta," akauliza, "walijenga na nini?"

"Matofali mabichi, Baba Katekista."

"Na simenti?"

"Hapana. Na udongo."

"Udongo." Alilirudia lile neno taratibu. "Mimi sikuona vizuri siku ile, machozi ilikuwa mingi. Nilifikiri ni simenti. Sasa wewe umepanda pikipiki kutoka Kasongo mpaka huku, mawe na matope, kuja kunilalamikia mimi juu ya udongo?"

Nikamwambia baba mkubwa anasema tungoje.

"Baba yako mukubwa anangoja. Mimi nilingoja. Tulikuwa wajinga wawili, na mimi ni mukubwa wake kwa ujinga, maana nilikuwa karibu zaidi." Hapo hasira ilimpanda, tumbaku ikamwagika kwenye paja kama zamani. "Lakini mimi siwezi kufungua ile njia. Hata macho yangu ingekuwa mazima, siwezi. Si yangu. Ni yako wewe. Unangoja nani akwambie karibu?"

Binti yake alitoka na chai, akaona nyuso zetu, akarudi ndani nayo.

"Sukari muachie binti," akasema Katekista. "Wewe rudi. Alhamisi inakuja."

Nilirudi. Alhamisi alasiri nilipita kwa shangazi, nikamwambia ninakokwenda na kwa sababu gani. Hakuuliza kama wakubwa wamekubali. Alijifunga kitenge, akachukua dumu la maji. Nilibeba jembe begani, wazi, katikati ya barabara, soko likiwa limejaa, na niliona watu wanaacha mizani zao. Mbele ya msikiti baba mkubwa alikuwa amesimama na wenzake. Aliniita kwa jina, kwa upole. Sikusimama.

Shangazi aliliweka dumu kwenye baraza ya Bibi. Mlinzi wa bohari, kijana mpole, alitoka chini ya matao akaja mbele yangu.

"Mama, samahani. Hii ni nyumba ya mutu."

"Nyumba ndiyo," nikamwambia. "Njia hapana."

Alinitazama, akalitazama jembe, akasogea pembeni. Nikasimama mbele ya ule ukuta wa udongo, nikapiga hodi kama mama alivyonifundisha. Hakuna aliyejibu. Nikainua jembe.